Kuchuja hisa za biashara ya muda mfupi kwa programu

Programu ya kuchuja hisa haijui bei itakwenda wapi kesho. Inachoweza ni kupitia hisa elfu kadhaa kwa sekunde chache, kuzitupa zisizofaa, na kukuachia kumi au kumi na tano za kukagua kwa macho yako. Ni chekeche. Anayeichukua orodha yake kama amri ya kununua ataumia, hata kama ameilipia programu pesa nyingi.

Mwongozo huu ni wa anayenunua hisa na kukaa nazo siku 1 hadi 15 hivi. Anayenunua na kuuza siku ileile atapata humu mengi ya kumfaa, ila ajue anaingia kwenye uwanja mgumu zaidi. Utafiti wa Barber, Lee, Liu na Odean uliofuatilia wafanyabiashara wa namna hiyo nchini Taiwan kuanzia 1992 hadi 2006 ulikuta kwamba chini ya 1% ndio waliopata faida ya kutegemewa baada ya kutoa ada. Gharama zinapojirudia kila siku, hula mtaji polepole hadi ukaisha. Ndiyo maana gharama zinaingia kwenye kila hesabu hapa chini.

Hakikisha data kabla ya kichujio chochote

Vifurushi vya bure mara nyingi huonyesha bei zilizochelewa, kwa kawaida dakika 15. Ukichuja jioni baada ya soko kufungwa, ucheleweshaji huo hauna madhara. Ukiingia na kutoka siku hiyohiyo, unaharibu kila kitu: hisa imeshapanda na kurudi, nawe ndiyo kwanza unaiona inapanda. Kama hulipii data ya papo kwa papo, chuja baada ya soko kufungwa, andika oda zako usiku, kisha ingia siku inayofuata. Mpango huo unamfaa mtu mwenye kazi nyingine, tena unamwepusha na maamuzi ya pupa.

Kisha angalia kama bei za zamani zimerekebishwa kwa ajili ya mgawanyo wa hisa. Jaribio lake ni la dakika moja. Apple iligawanya kila hisa 1 kuwa 4, na bei mpya ikaanza kutumika tarehe 31 Agosti 2020. Siku ya biashara iliyotangulia ilikuwa imefunga kwa dola 499.23. Fungua chati ya Apple kwenye programu yako uende kwenye wiki hiyo. Data iliyorekebishwa itaonyesha dola 124.81, au pungufu kidogo kama programu inarekebisha gawio pia. Ukikuta mshumaa (alama ya chati inayobeba bei za siku moja) umeporomoka kutoka karibu 500 hadi chini ya 130 kwa usiku mmoja, data haijarekebishwa, na kila wastani unaopita juu ya tarehe hiyo ni wa uongo. NVIDIA nayo iligawanya hisa 1 kuwa 10, na bei mpya zikaanza tarehe 10 Juni 2024. Itumie kukagua mara ya pili.

Data iliyorekebishwa ina mtego wake pia. Ukijaribu mbinu kwenye miaka ya nyuma kwa sharti la "bei iwe juu ya 10", programu itaangalia bei iliyorekebishwa, si bei ambayo watu walinunulia siku hiyo. Hisa iliyouzwa kwa 60 zamani na baadaye ikagawanywa mara kumi itasomeka 6 na kutupwa, ilhali siku ile ingepita bila shida. Kwa majaribio ya miaka mingi, chuja kwa thamani ya miamala badala ya bei: bei iliyorekebishwa ikizidishwa kwa idadi ya hisa iliyorekebishwa kwa mgawanyo uleule hurudisha thamani ileile ya awali.

Mpangilio wa vichujio

Wanaoanza hukimbilia RSI na MACD, viashiria vinavyopima kasi na mwelekeo wa bei. Anza na ukwasi. Hisa usiyoweza kuiuza unapotaka haina maana hata chati yake ikiwa nzuri namna gani.

Kipimo cha kwanza ni wastani wa thamani ya miamala kwa siku 20, yaani bei mara voliumu (idadi ya hisa zilizonunuliwa na kuuzwa). Oda yako isizidi 1% ya wastani huo. Ukikusudia kununua hisa za 140,000, wastani wa siku uwe angalau 14,000,000 kwa sarafu hiyohiyo. Chini ya hapo, oda yako yenyewe inaanza kuisukuma bei, hasa wakati wa kutoka, pale wote wanapouza kwa pamoja.

Kipimo cha pili ni pengo kati ya bei anayotoa mnunuzi na bei anayodai muuzaji. Programu nyingi za kuchuja hazilionyeshi, kwa hiyo liangalie kwenye dirisha la dalali wako. Mnunuzi akitoa 499 na muuzaji akidai 503, pengo ni 4, yaani 0.8% ya bei ya katikati. Ukinunua kwa 503 na kuuza papo hapo kwa 499, umepoteza hiyo 0.8% bila bei kusogea hata kidogo. Kama lengo lako lilikuwa faida ya 3%, zaidi ya robo yake imekwenda kabla hujaanza. Kwa biashara ya muda mfupi, pengo likizidi 0.3% tunaiacha hisa hiyo.

Baada ya ukwasi, angalia kuyumba kwa bei. Hapa kipimo bora ni ATR, yaani wastani wa mwendo halisi wa bei kwa siku, alichokitoa J. Welles Wilder mwaka 1978 pamoja na RSI. Mwendo halisi ni namba kubwa kuliko zote kati ya hizi tatu: bei ya juu ya leo kutoa bei ya chini ya leo, umbali kati ya bei ya juu ya leo na bei ya kufunga ya jana, na umbali kati ya bei ya chini ya leo na bei ya kufunga ya jana. Kwenye jedwali lenye bei ya juu safu ya B, ya chini safu ya C na ya kufunga safu ya D, fomula ya mstari wa 3 ni:

=MAX(B3-C3, ABS(B3-D2), ABS(C3-D2))

Chukua hisa iliyofunga jana kwa 480. Leo imefika juu 512, chini 494, ikafunga 508. Ukiangalia leo peke yake, imetembea 18. Lakini kutoka jana hadi kilele cha leo ni 32, na hiyo ndiyo namba ya kutumia, kwa sababu aliyekuwa na hisa usiku huo aliupata mruko wote. Kama ATR ya siku 14 ilikuwa 20 jana, ya leo kwa njia ya Wilder ni (20 × 13 + 32) ÷ 14, sawa na 20.86. Igawe kwa bei ya 508 upate 4.1%. Kiwango kinachofaa kwa kushika hisa siku chache ni 2% hadi 6% hivi. Chini ya 2%, ada na pengo la bei vinameza mwendo wote. Juu ya 6%, oda ya kukata hasara (inayouza yenyewe bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka) lazima ikae mbali sana, au iguswe na mtikisiko wa kawaida.

Ukiona ATR ya programu yako haifanani na ya jedwali lako, usidhani umekosea hesabu. Programu nyingine hutumia wastani wa kawaida badala ya njia ya Wilder, na nyingine zimeanza kuhesabu kwenye tarehe tofauti. Ipe njia ya Wilder siku 100 hivi za kutulia kabla ya kulinganisha.

Hapo sasa ndipo mwelekeo na voliumu vinapoingia. Seti ya kuanzia, ambayo karibu kila programu ya kuchuja inaikubali, ni hii:

Wastani wa thamani ya miamala wa siku 20: angalau mara 100 ya oda yako
ATR(14) ÷ bei ya kufunga: kati ya 2% na 6%
Bei ya kufunga: juu ya wastani wa siku 50
Wastani wa siku 20: juu ya wastani wa siku 50
Voliumu ya leo ÷ wastani wa voliumu wa siku 20: 1.5 au zaidi
Ripoti ya faida ya kampuni: haiangukii ndani ya siku unazokusudia kushika hisa

Ikikuletea hisa 80, kaza voliumu hadi 2 au 2.5. Isipoleta hata moja, usilegeze masharti ili upate cha kununua. Siku ambayo soko zima linashuka, orodha tupu ni jibu sahihi. Ikibaki tupu wiki nzima wakati soko linapanda, basi toa sharti moja moja kuanzia chini uone lipi linalobana. Mara nyingi ni kosa la kipimo, kwa mfano umeandika 1.5 mahali ambapo programu inasoma asilimia na inataka 150.

Voliumu inahitaji uangalifu ukichuja katikati ya siku. Biashara huwa nyingi soko linapofunguliwa na linapokaribia kufungwa, na hupungua katikati. Ukilinganisha voliumu ya saa moja ya kwanza na wastani wa siku nzima, karibu kila hisa itaonekana imelala. Na ukiizidisha tu kwa idadi ya saa za siku nzima ya soko, karibu kila hisa itaonekana imechangamka. Linganisha na wastani wa muda uleule wa siku zilizopita. Kama programu yako haina kipimo hicho, subiri soko lifungwe.

Kuhusu viashiria vingine, vitumie kwa uchache. RSI, stokastiki (kiashiria kingine cha kasi) na MACD vyote vinatengenezwa kwa bei zilezile, kwa hiyo vitatu vikikubaliana hujapata mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja aliyebadilisha kanzu mara tatu. Tena RSI, ambayo husomwa kuanzia 0 hadi 100, kupita 70 si amri ya kuuza. Hisa yenye nguvu inaweza kukaa juu ya 70 kwa wiki kadhaa huku ikiendelea kupanda.

Kagua kwa macho kilichobaki

Kila hisa iliyopita ipe dakika tatu. Angalia chati ya mwaka mzima kwanza, ndipo ya miezi mitatu. Unatafuta yale ambayo kichujio hakiyaoni: mruko mmoja uliosababisha wastani wote upande, hisa iliyokwama kwa sababu imetangaziwa bei ya kununuliwa na kampuni nyingine, au bei iliyosimama chini kidogo ya kilele ambacho imeshindwa kukivuka mara tatu. Ile ya kununuliwa na kampuni nyingine huwahadaa wengi. Inaruka mara moja kwa voliumu kubwa, inapita vichujio vyote, kisha inalala palepale kwa miezi kwa sababu bei imeshajulikana.

Tarehe ya ripoti ithibitishe kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ukurasa wa wawekezaji. Kalenda za programu mara nyingi hubeba tarehe za makisio, na ripoti ikitoka usiku bei inaweza kufunguka mbali kabisa na ilipofungwa.

Halafu panga zilizobaki kwa sekta. Hisa kumi ambazo nane kati yake ni za benki ni dau moja. Za sekta moja zisizidi mbili.

Jaribu mbinu kwa data ya zamani, na uishuku

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya, maana jaribio baya hukupa ujasiri usiostahili. Kosa linaloonekana zaidi ni kutumia habari ya kesho. Masharti yako yanasoma bei ya kufunga na voliumu ya siku nzima, kumbe jaribio linanunua kwa bei hiyohiyo ya kufunga. Katika hali halisi usingeijua kabla soko halijafungwa. Lirekebishe jaribio linunue kwa bei ya kufungulia ya siku inayofuata. Kwa anayetumia Python na pandas, sogeza safu ya ishara kwa shift(1) kabla ya kuizidisha na mapato ya siku yaliyohesabiwa kuanzia bei ya kufungulia. Kama faida nzuri inatoweka baada ya mstari huo mmoja, haikuwepo. Kosa la jamii hiyohiyo ni ishara inayojifuta: mshumaa wa siku ambao haujafungwa hutoa ishara saa sita na kuiondoa saa tisa, na kwenye chati ya jana huioni tena. Hesabu mishumaa iliyofungwa tu.

Orodha ya hisa unazojaribia nayo inaweza kukudanganya. Ukichukua kampuni zilizomo leo kwenye faharasa kubwa ya soko na kuzirudisha miaka 25 nyuma, umeshawaondoa waliokufa. Enron iliyoomba kulindwa na sheria ya ufilisi Desemba 2001 haimo, wala Lehman Brothers ya Septemba 2008. Mbinu ya "nunua kilichoshuka" huonekana ya ajabu kwenye orodha kama hiyo, kwa sababu kila kilichoshuka humo kilipona. Tafuta data yenye kampuni zilizoondolewa sokoni. Ukiikosa, usiamini jaribio la miaka mingi na ufupishe hadi miaka michache ya karibuni.

Kisha kuna kubana vigezo mpaka vikubali. Jaribu urefu 10 wa wastani, viwango 10 vya RSI na umbali 5 wa kukata hasara: ni michanganyiko 500. Hata kama hakuna mmoja wenye maana, kwa kipimo cha 5%, yaani bahati tupu ikiruhusiwa kupita mara 5 kwa kila 100, michanganyiko kama 25 itaonekana mizuri, na programu itakuletea ulio juu kabisa kwa rangi ya kijani. Kwa hiyo tenga theluthi ya mwisho ya data usiiguse hadi umemaliza kuchagua, halafu ijaribu mara moja tu. Angalia pia majirani: kama wastani wa siku 20 unaleta faida lakini wa 19 na wa 21 unaleta hasara, umeokota bahati.

Mwisho toa gharama. Tuseme jaribio limeonyesha biashara 45 kati ya 100 zinashinda, kila ushindi ukileta 1.6 ya kiasi ulichohatarisha na kila kushindwa kukipoteza chote. Wastani ni 0.45 × 1.6 kutoa 0.55 × 1, sawa na 0.17 kwa kila biashara. Inapendeza, mpaka uone ada hapa chini.

Idadi ya hisa za kununua

Endelea na hisa ile ya 508 yenye ATR ya 20.86. Mtaji ni 1,000,000, nawe umekubali kupoteza 1% kwa biashara moja, yaani 10,000. Oda ya kukata hasara iweke chini kwa ATR moja na nusu: 508 kutoa 31.3, sawa na 476.7. Wengi hugawa 10,000 kwa 31.3, wananunua hisa 319 na kuishia hapo. Sasa dalali anakata 0.5% unaponunua na 0.5% unapouza. Kwa kila hisa hiyo ni 2.54 na 2.38, jumla 4.92. Hasara halisi kwa hisa ni 36.22, na kwa hisa 319 ingekuwa zaidi ya 11,500. Idadi sahihi ni 10,000 ÷ 36.22, yaani hisa 276.

Sasa rudi kwenye ile 0.17. Ada ya 4.92 juu ya umbali wa 31.3 ni karibu 0.16. Kilichobaki ni 0.01, na bado hujalipa pengo la bei wala kodi. Mbinu imegeuka bure bila kosa lolote la kuchagua hisa. Mwenye ada ya 0.5% ana njia mbili: ashike hisa muda mrefu zaidi ili mwendo uwe mkubwa kuliko ada, au atafute dalali wa bei nafuu. Kuongeza viashiria hakutamsaidia.

Ukinunua, tumia oda ya kikomo (isiyonunua juu ya bei uliyoweka), kwa mfano 508, usitumie oda ya bei ya soko. Ikifunguka 530, iache iende. Kwa 530 umbali wa kukata hasara umekuwa 53.3 na hesabu yako yote imevunjika. Kwenye majaribio ya data ya zamani nako, hesabu kwamba oda ya kikomo imenunua tu pale bei iliposhuka chini ya kikomo. Kugusa tu hakutoshi, kwa kuwa mbele yako kuna foleni ya wengine. Na ujue oda ya kukata hasara haihakikishi bei: hisa ikifunguka kwa 450, utauzwa karibu na 450, si 476.7.

Kuiachia programu iagize yenyewe

Usifanye hivyo hadi umeendesha mbinu kwa mkono, kwenye akaunti ya majaribio na kisha kwa kiasi kidogo cha pesa halisi, angalau biashara 50. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza takriban dola milioni 440 ndani ya dakika kama 45 kwa hitilafu ya programu ya kuagiza, na hao walikuwa na wahandisi. Ukiunganisha programu na akaunti ya dalali, ufunguo wa API (unaoiruhusu programu kuingia kwenye akaunti) usiwe na ruhusa ya kutoa pesa. Weka ukomo wa oda kwa siku, ukomo wa thamani ya oda moja, na hasara ya siku ambayo ikifikiwa programu inajizima. Jaribu kujizima huko kwa makusudi. Kata intaneti katikati ya oda uone nini kinatokea kwenye upande wa dalali. Oda ya kukata hasara ikae kwenye seva ya dalali, si kwenye kompyuta yako, maana umeme ukikatika ya kwako haipo.

Kwa kila biashara andika tarehe, masharti yaliyoipitisha, bei uliyokusudia, bei uliyopata, ada, na sababu ya kutoka. Safu ya bei uliyokusudia na uliyopata ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Baada ya biashara 50, tafuta wastani wa tofauti yake uuweke kwenye jaribio la data ya zamani badala ya makisio, kisha liendeshe upya.